Kisu cha jikoni: kipime kwa mkono, si kwa mng'aro



Kurasa za afya zimezoeleka kwa habari za malaria, kipindupindu na kisukari. Leo tuingie jikoni tukiangalie kitu ambacho hakuna nyumba isiyokuwa nacho, na ambacho wengi wetu hukinunua bila ya kukitazama mara mbili. Kitu hicho ni kisu.

Katika Suratul Hadid, aya ya 25, Allah (S.W.) anatukumbusha kwamba ameteremsha chuma, na ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Tunapoisoma aya hii mawazo ya wengi hukimbilia kwenye panga za vita au, siku hizi, kwenye magari na meli. Lakini manufaa ya chuma ambayo mama wa nyumbani huyashika kwa mkono wake asubuhi, mchana na jioni ni ya kisu chake.

Chukua mfano wa nyumba ya Marui, wilayani Kisarawe, au ya majirani zake wa Mzenga na Maneromango. Asubuhi kisu kinamenya muhogo wa kunywea chai. Adhuhuri kinakata vitunguu, nyanya na bamia. Msimu wa maembe kinachonga maembe mabichi ya achari. Jioni kinaparua samaki aliyefika kwenye ndoo ya mchuuzi. Akija mgeni, kisu hicho hicho kinachinja kuku, kinamkatakata, kisha kinarudi kwenye nyanya za kachumbari. Hapo penye kurudi kwenye kachumbari ndipo maradhi yanapopita, nasi tutapafikia. Kwanza tuulize kisu chenyewe kimepatikanaje.

Mara nyingi kimepatikana mlangoni. Mchuuzi amepita na baiskeli au pikipiki, amebeba mabeseni, vichujio vya chai, vibiriti na visu vinavyong'aa kama vioo. Mama anauliza bei, anapunguziwa mia mbili, anachukua. Baada ya mwezi kisu kimepinda, mpini unacheza, nyanya inapondeka badala ya kukatika. Hakitupwi, kinabaki jikoni. Kinanunuliwa kingine cha aina ile ile. Ndiyo maana utakuta nyumba ina visu vinne au vitano na hakuna hata kimoja kinachokata, na siku ya kuchinja mtoto anatumwa kwa jirani kuazima.

Rahisi inayogharimu

Tupige hesabu kidogo, na bei hizi ni za mfano tu, weka za soko lako. Tuseme kisu cha mlangoni ni shilingi 1,500 nawe unanunua vitano kwa mwaka. Hiyo ni 7,500. Kwa miaka mitano umetoa 37,500, na mwisho wa miaka hiyo huna kisu. Jirani yako amenunua kimoja cha shilingi 10,000 na jiwe la kunolea la 5,000. Akikitunza, miaka mitano itapita na kisu bado kipo. Ametumia chini ya nusu ya ulichotumia wewe, na katika miaka yote hiyo amekata nyama kwa raha. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, nao hawakusema mwenye visu vingi.

Hilo lisikupeleke upande wa pili. Wapo wanaoamini kisu kizuri lazima kitoke Ujerumani au Japani na kiuzwe kwa bei ya mbuzi. Kwa jiko la nyumbani hiyo ni anasa, na visu vya aina hiyo vingi vina makali membamba na magumu ambayo hayapendi mifupa ya kuku wala muhogo mkavu. Utajuta kipande kitakapomeguka. Allah (S.W.) katika Suratul A'raf, aya ya 31, ametuambia tule na tunywe wala tusifanye israfu, na israfu inaingia hata kwenye vyombo vya kupikia. Kinachotafutwa ni kisu cha bei ya kati, kimoja kizuri, na ikiwezekana kimoja kidogo cha kusaidia. Seti zile za visu sita ndani ya kigogo cha mbao zinapendeza sana kwenye zawadi za harusi, lakini vitatu kati ya sita hutaviondoa mahala pake mpaka mtoto wa kwanza aende shule.

Kagua mpini kabla ya ubapa

Ukifika dukani, iwe Kisarawe mjini, Mlandizi au Kariakoo, jicho litavutwa na ubapa. Lizuie. Shika mpini kwanza, kwa sababu visu vya bei rahisi mara nyingi hufia hapo.

Ndani ya mpini kuna mkia wa chuma, yaani sehemu ya ubapa inayoendelea kuingia kwenye mbao au plastiki. Katika kisu kizuri mkia huo unakwenda mpaka mwisho wa mpini, na mara nyingi utauona ukingo wake wa chuma ukipita katikati ya mbao mbili zilizofungwa kwa ribiti mbili au tatu. Katika kisu duni mkia ni mfupi kama kidole gumba, umechomekwa kwenye plastiki yenye uwazi ndani na kugundishwa. Utaujuaje? Kitikise karibu na sikio, usisikie kitu kinachocheza. Kisha shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa ubapa kwa mkono wa pili, jaribu kuusukuma huku na huku polepole. Ukiona unatembea hata kidogo, rudisha. Kikicheza kikiwa kipya, kitang'oka siku unapopasua boga, na ubapa ukiachana na mpini ghafla hujui utaishia wapi.

Jambo la pili la mpini ni ufa. Tazama pale ubapa unapoingia. Kama pana nafasi ambayo ukucha unaweza kuingia, basi damu ya kuku, mafuta na maji ya samaki navyo vitaingia, vitakaa humo na kuoza, na hakuna kitambaa kitakachovifikia. Hili kwetu Waislamu lina uzito wa ziada. Damu inayotiririka ni najisi, na wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, wamefundisha kuwa najisi ya aina hiyo husafishwa kwa maji mpaka iondoke yenyewe pamoja na utamu wake, rangi yake na harufu yake. Sasa utaondoaje kitu kilichojificha ndani ya mpini? Kinusie kisu chako cha zamani pale shingoni. Kikinuka baada ya kuoshwa, unajua jibu.

Mpini wa mbao si mbaya, unashikika vizuri mkono ukiwa na mafuta, lakini ukilazwa ndani ya maji unavimba, unapasuka na kulegeza ribiti. Mpini wa plastiki nzito isiyo na uwazi ndani ni rahisi kuosha. Jaribu na mkono wako wewe utakayekitumia. Baba akienda kumnunulia mama kisu, mara nyingi hurudi na kinachotosha kiganja cha baba.

Chuma chenyewe

Visu vya dukani karibu vyote siku hizi ni vya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi. Chuma hiki kinatokana na kuchanganya chuma na madini ya kromu, angalau asilimia 10.5, na mtu anayetajwa sana katika historia yake ni Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Faida yake jikoni ni kubwa: hakiachi ladha kwenye limau wala hakifanyi embe bichi kuwa jeusi.

Lakini stenlesi ziko za aina nyingi. Ile ya vijiko na sufuria kwa kawaida haiwezi kugumishwa kwa moto, na kisu kilichotengenezwa kwayo hakitashika makali hata ukinoe usiku kucha. Hapa kuna kipimo rahisi. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, nenda nayo dukani. Chuma cha visu kinachokubali kugumishwa hunaswa na sumaku, ile ya vijiko vizuri hainaswi au hunaswa kidogo sana. Kisu ambacho sumaku haikishiki kiache. Kinachoshikwa bado hakijafaulu, maana ziko stenlesi laini zinazonaswa vilevile, kwa hiyo endelea na kipimo cha pili: kisu kikiwa chembamba, bana ncha yake juu ya ubao na ukipinde kidogo sana, kisha achia. Kinapaswa kurudi kikanyooka. Kikibaki na kona, umeona mwisho wake kabla hujalipa. Muuzaji akikataa usikijaribu, hilo nalo ni jibu.

Kisha kielekeze kwenye mwanga, makali yakikutazama, ufumbe jicho moja. Makali yawe mstari mmoja ulionyooka toka shingoni hadi nchani, bila mawimbi. Ukiona vinukta vinavyometameta, hapo pamepondeka au pamemeguka.

Usihadaike na maandishi. Solingen ni mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu, na sheria za Ujerumani zinalilinda jina hilo, lakini mashine ya kuchapa jina kwenye bati haijui sheria. Wapo wanaosifu visu vyembamba vya Kiwi vya Thailand, na vya Tramontina, kampuni ya Brazil iliyoanza mwaka 1911. Hivyo ni visu vya kazi na havina bei ya kutisha. Hata hivyo chapa yoyote yaweza kughushiwa, kwa hiyo chapa isikufanye uache kutikisa mpini.

Na kisu cha mhunzi je? Msikidharau. Mafundi vyuma wetu, vijijini na kule Gerezani, Dar es Salaam, hufua visu kutokana na springi za magari makubwa. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, kinagumika vizuri na kinashika makali kuliko stenlesi nyingi za mlangoni. Muulize fundi kama amekitia matiko, yaani amekipasha mpaka kikawa chekundu akakizimisha, kisha akakipasha tena moto mdogo ili kisiwe kikavu na kuvunjika. Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Ubaya wa kisu hiki ni kutu, na kwamba kikikutana na ndizi mbichi au embe bichi huacha weusi kwenye chakula. Weusi ule unatokana na chuma kukutana na ule ukakasi wa tunda. Hautishi, ila hauvutii machoni. Ukioshe mara moja, ukikaushe kabisa na kukipaka tone la mafuta ya nazi, kitakuzika.

Kuhusu ukubwa, kwa mapishi yetu ubapa unaopungua kidogo shubiri yako, kati ya sentimita 15 na 18, unatosha karibu kila kitu, mradi una upana wa vidole viwili na mgongo usio mwembamba kama karatasi. Muhogo unachanwa ganda kwa urefu kisha ganda linabanduliwa kwa kuingiza kisu na kukizungusha. Ubapa dhaifu utapinda palepale. Kile kidogo cha kusaidia kiwe cha sentimita nane au tisa, cha vitunguu saumu na kutoa mbegu. Visu vyenye makali ya meno kama msumeno ni vizuri kwa mkate tu. Vikishakufa havinoleki nyumbani. Vya kauri, vile vyeupe, ni vikali kweli lakini vikianguka sakafuni vinavunjika. Vile vya rangirangi vilivyopakwa kitu kama rangi hubanduka, na usiulize kilichobanduka kimekwenda wapi.

Ukali ni sehemu ya ibada yako

Watu wengi huogopa kisu kikali na kuona butu ndiyo salama, hasa nyumba ikiwa na watoto. Mambo ni kinyume chake. Kisu kikali kinaingia kwa uzito wake, unakiongoza tu. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu zote, kinateleza juu ya ganda la kitunguu au muhogo, na nguvu zile zote zinaishia kwenye kidole kilichoshika. Hata machozi ya kitunguu yamo humu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha mwaka 2025 kwamba kisu butu hurusha matone mengi zaidi ya maji ya kitunguu na kwa kasi zaidi kuliko kisu kikali. Mama analia, tunasema moshi.

Na ukali tumeamrishwa. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws (R.A.), iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Allah amefaradhisha ihsani katika kila jambo, na tunapochinja tuchinje vizuri, tunoe kisu na kumpumzisha mnyama. Sasa itazame ile desturi ya kuku kukerezwa shingo kwa kisu butu huku mtoto amemshika mabawa. Kuku anateseka, mchinjaji anatokwa jasho, na umio na koromeo havikatiki mpaka baada ya kusagwa sana. Kile kisu cha shilingi 1,500 kimeingia kwenye swali zito kuliko la mfukoni. Wala kisu kisinolewe mbele ya macho ya mnyama; hilo nalo tumekatazwa.

Hili halimaanishi ununue kisu cha gharama. Katika Sahihi Bukhari kuna habari ya mjakazi wa Ka'ab bin Malik (R.A.) aliyekuwa akichunga kondoo, akamwona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe na kumchinja kwalo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa aliamuru aliwe. Jiwe lenye ncha kali lilitosha. (Na akina mama wanaokaa na kuku hai mpaka magharibi wakimsubiri mwanamume arudi amchinje, waisome habari hii mara mbili.)

Kunoa si kazi ya fundi peke yake. Jiwe la kunolea, yaani kinoo, lenye pande mbili, moja la kukwaruza na moja laini, ndilo nusu ya ununuzi wako. Liloweshe maji, liweke juu ya kitambaa lisiteleze. Laza ubapa, kisha inua mgongo wake kidogo. Kwa ubapa wa upana wa sentimita tatu, inua kama sentimita moja, unene wa ncha ya kidole kidogo. Sukuma kwa utaratibu kama unayekata kipande chembamba cha jiwe, toka shingoni hadi nchani, mara kumi upande huu na kumi upande ule, kwa kipimo kile kile cha kuinua. Kinachoharibu ni kuinua leo hivi na kesho vile. Kwa kisu kilichochoka kidogo tu, geuza kikombe au sahani ya udongo wa kauri. Ile duara ya chini isiyo na mng'aro inanoa vizuri. Kizingiti cha saruji kinakwangua sana na kuacha makali yenye mapengo, nami naona kimeua visu vingi kuliko mifupa. Wanoaji wanaopita na baiskeli mitaani wanafaa, ila mwambie asikitie jiwe linalozunguka mpaka kitoe cheche nyingi na kugeuka rangi ya buluu, kwa kuwa joto hilo linaondoa matiko.

Jaribu ukali kwa nyanya iliyoiva au kwa karatasi, usijaribu kwa kidole gumba. Karatasi yenyewe isiwe ya gazeti lenye aya za Qur'an.

Kisu kimoja, nyama na kachumbari

Turudi pale tulipopaacha. Nyama mbichi ya kuku inaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na kampilobakta, ambavyo huleta kuharisha, kutapika na homa, na kwa mtoto mchanga au mzee jambo hilo laweza kuwa zito. Moto wa jiko unaviua. Shirika la Afya Duniani, katika mafundisho yake ya mwaka 2001 juu ya misingi mitano ya chakula salama, linataka chakula kiive mpaka ndani kifike nyuzi 70 za sentigredi. Tatizo ni kwamba kachumbari haipiti motoni. Kisu kilichokata kuku kikifutwa kwa kanga na kuingia kwenye nyanya, vijidudu vimepata usafiri. Baada ya chakula watu wanaumwa matumbo, na lawama inakwenda kwa maji ya kisima au kwa jicho la jirani.

Msingi mmojawapo kati ya ile mitano ni kutenganisha vibichi na vilivyo tayari kuliwa. Mwenye uwezo awe na visu viwili na vibao viwili, kimoja cha nyama na samaki, kimoja cha matunda na mboga, na avitie alama asivichanganye. Kipande cha kamba nyekundu kwenye mpini kinatosha, maana jikoni kuna mabinti, mashemeji na wageni wanaosaidia, na kila mmoja hushika kilicho karibu. Mwenye kisu kimoja afuate mpangilio: kachumbari na matunda vikatwe kwanza, vifunikwe, halafu ndiyo nyama. Hilo halina gharama hata ya senti.

Baada ya nyama, kisu kioshwe kwa maji na sabuni, kisuguliwe hasa pale shingoni, kisuuzwe kwa maji mengine safi, na ukiwa na maji yanayochemka yamwagie. Futa kwa kitambaa kikavu toka mgongoni kuelekea nje, makali yakitazama mbali nawe. Mchanga usiutumie kwenye makali. Wala usikitumbukize ndani ya beseni la povu pamoja na sahani, mwenzako ataingiza mkono humo bila kukiona.

Mahali pa kukiweka? Vijijini wengi huchomeka kisu kwenye makuti ya paa au kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Vumbi, popo na mende wanapita huko, na upepo ukivuma kinaweza kudondoka. Tengeneza ala ya boksi gumu lililokunjwa na kufungwa kwa uzi, au ganda kavu la mgomba, kisha ukitundike juu asipofika mtoto. Unapompa mtu kisu, mpe mpini. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kupeana upanga uliochomolewa, na ameonya vikali dhidi ya kumwelekezea ndugu yako chuma hata kwa mzaha. Watoto wanaotaniana kwa visu wakati wa kumenya muhogo waonywe mara ya kwanza tu, ya pili wanyang'anywe.

Ukijikata

Hata mwenye kisu kizuri hujikata. Kidole kikikatwa, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha libane kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu ya kifua, dakika kumi bila kufunguafungua kuchungulia. Acha majivu, unga wa kahawa, mafuta ya taa, utando wa buibui na dawa ya meno. Vitu hivi vinaingiza uchafu ndani, na vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, yaani uani kwetu.

Damu isiyokoma baada ya kubanwa hivyo, jeraha lililofunguka mdomo, kidole kisichokunjika au kilichokufa ganzi, au kisu kilichokuwa na udongo na kutu, vyote hivyo ni safari ya zahanati siku ile ile. Mweleze mganga lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Akina mama wengi wana kumbukumbu hiyo kwenye kadi zao za kliniki ya wajawazito, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani ichukue kadi, hata kama mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la tano. Baba wa nyumba kwa kawaida hana kadi yoyote, naye huwa ndiye anayeshika kisu siku ya Idd el Hajj.